Mke Asiishie Kuwa Muuguzi: Kuishi na Mwenzi Aliyeumia Uti wa Mgongo

Wengi tunaowapokea katika kitengo chetu cha urekebishaji hapa Nairobi ni vijana: mwendeshaji boda boda aliyegongwa, fundi aliyeanguka kutoka mjengoni, abiria wa matatu iliyobingiria. Familia huuliza swali moja: atatembea lini? Sisi tuna maswali mengine mawili, na tunayauliza mapema. Nani atamhudumia? Na yeye mwenyewe atabaki nani katika nyumba yake?

Mwezi wa kwanza baada ya kutoka hospitalini nyumba hujaa. Jamaa wanakuja kutoka mashambani, kanisa linaleta unga na sukari, wenzake wa stejini wanachanga. Halafu watu wanapungua mmoja mmoja, na kazi yote inamwangukia mke. Usiku anaamka kumgeuza, maana asiyehisi ngozi yake asipogeuzwa takriban kila saa mbili hupata vidonda vya kulalia, na kidonda kimoja kinaweza kuchukua miezi kupona. Alfajiri kuna mkojo, choo na kuoga, kisha mke anakimbilia kibanda chake cha mboga. Baada ya muda wawili hawa hawana tena mazungumzo yasiyohusu dawa au mrija wa mkojo. Wangali wanapendana, lakini wanaishi kama mgonjwa na nesi.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza huwashangaza watu: mke asifanye kila kitu, hata kama anaweza na anataka. Mengi anaweza kuyafanya aliyeumia mwenyewe, akifundishwa. Mwenye nguvu mikononi hujifunza kujitoa mkojo kwa mrija safi kila baada ya saa nne hadi sita, kukagua ngozi ya makalio kwa kioo, kujiinua kitini angalau kila nusu saa ili damu ipite, na kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mwanzoni kuvaa suruali kutamchukua nusu saa. Mwache. Ukimvalisha kwa dakika tatu umeokoa muda, lakini umemnyang'anya kazi yake, naye anajua. Asiyoyaweza yagawanywe: kaka yake amwogeshe Jumamosi, binamu ashike zamu ya usiku. Wanaume wa familia zetu hukwepa kazi hii wakidai ni ya mke. Mimi huwaita kliniki na kuwafundisha.

Kila anayeishi naye ajue dalili moja ya hatari. Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho jingi, huenda shinikizo la damu limepanda mno, mara nyingi kwa sababu kibofu kimejaa au mrija umejikunja. Mketishe wima, legeza nguo, kagua mrija, na asipotulia upesi mkimbizeni hospitalini.

Kukubali huja polepole, na maombi nayaheshimu. Simwambii mtu aache kuomba. Ninachopinga ni maisha kusimamishwa hadi muujiza uje: kiti kinafichwa nyuma ya mlango, kazi haitafutwi, watoto wanaambiwa baba ni mgonjwa tu. Familia inayoomba na papo hapo ikahamia nyumba ya chini imemwambia kwamba inamtaka hivi alivyo leo. Ploti nyingi, yaani majengo ya kupanga, za mitaa kama Pipeline na Githurai hazina lifti, na aliye ghorofa ya nne ni mfungwa. Kabla ya kulipa diposti pimeni mlango wa choo. Upana wa sentimita 80 hivi unatosha viti vingi. Fundi akijenga mteremko mlangoni, kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Ukiwa mkali kuliko hapo, kila akitaka kutoka itabidi aombe kusukumwa.

Linalouma kuliko ngazi ni kusemewa. Daktari anamgeukia mke: "Anakula vizuri?" Keateka, msimamizi wa ploti, anampigia mke simu kuhusu kodi. Makanga anauliza, "Huyu anashukia wapi?" Mke akijibu kwa upole "muulize mwenyewe," mume husikia kwamba bado yumo. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa lugha isiyomdunisha, lakini wageni huiga wanavyoona nyumbani. Vikao vya shamba au karo visifanyike sebuleni huku yeye yuko chumbani. Hesabu za chama, homuwaki za watoto, simu yenye pesa za nyumba: kama vilikuwa vyake, vibaki vyake. Na shida zako mwambie. Wake wengi humficha machungu ya siku wakihofia kumwongezea mzigo, naye akawa kama mgeni kwake. Anaweza kukusikiliza na kukushauri, na anahitaji kuhitajiwa.

Msajilini pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali. Na anayehudumia akichoka hadi kufoka ovyo, aseme mapema apumzishwe. Kumnyima mtu chakula au kumfichia kiti ili kumwadhibu ni dhuluma, na simu ya 1195 hupokea taarifa hizo bila malipo.

Na chumbani? Wanandoa hukaa miaka bila kuthubutu kuuliza. Wanaume wengi walioumia uti wa mgongo bado husimamisha kwa kuguswa, na kwa wasioweza zipo dawa ambazo daktari huandika baada ya kumpima. Mwanamke aliyeumia huenda akakosa hedhi kwa miezi kadhaa, kisha ikarudi, na mimba akaipata. Kwa hiyo mpango wa uzazi bado unamhusu. Mwili husisimka hata sehemu ambazo hamkuzijali zamani, na mnahitaji muda wa kuzitafuta. Ila mtu aliyekusafisha choo kutwa nzima ni vigumu kumgeukia usiku kama mpenzi, na hii ni sababu nyingine ya kutaka kaka na binamu washike zamu. Kliniki ijayo njooni wote wawili, mkiwa na maswali yenu. Haya tunayajibu kila mara, na hatuyajibu kwa haraka.