Je, wajua kwa nini harufu ya karafuu huchelewa kukufikia?

Fungua kichupa cha mafuta ya karafuu kwenye pembe moja ya chumba, wewe ukae pembe ya pili. Harufu haiji papo hapo. Utangoja dakika kadhaa. Hilo ni la kushangaza, kwa sababu molekuli za yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, hukimbia kwa wastani wa mita 200 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo chumba cha mita 4 kingevukwa kabla hujapepesa jicho.

Mwanasayansi Mholanzi Buys Ballot aliuliza swali hilihili mwaka 1858, baada ya mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius kutangaza hesabu za kasi ya molekuli za gesi. Clausius alimjibu mwaka huohuo: molekuli zina kasi kweli, ila hazina njia iliyo wazi.

Hewa imejaa molekuli nyingine, hasa za naitrojeni na oksijeni, nazo hazitulii. Molekuli ya hewa husafiri nanomita 70 hivi tu, kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele, kabla ya kugongana na nyingine na kugeuzwa upande. Migongano hiyo hutokea mabilioni ya mara kila sekunde. Yujenoli ikiingia humo husukumwa mbele, ikarudishwa nyuma, ikatupwa kando.

Mbona basi harufu husambaa? Si kwamba molekuli inajua pa kwenda. Karibu na kichupa zimesongamana, mbali ni chache. Kila moja ikitangatanga ovyo, zinazotoka penye wingi huzidi zinazorudi. Huku ndiko wanasayansi wanakoita difyusheni.

Mwendo wa kutangatanga una gharama yake: umbali ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka mara nne. Sentimita 1 huchukua sekunde chache, sentimita 10 karibu robo saa, na kufika mita 4 molekuli ya kawaida ingehitaji zaidi ya wiki nzima! Hata pua kali ingesubiri saa nyingi.

Inayokuletea harufu ndani ya dakika ni hewa yenyewe inayotembea: feni, upenyo wa mlango, hata joto la mwili wako linaloinua hewa inayokuzunguka. Mikondo hiyo hubeba harufu chumba kizima, na difyusheni humalizia sentimita za mwisho.