Inveta ya wati 1000 kwenye tundu la sigara la gari

Kuna hii imani imekaa miaka mingi, kwamba ukinunua inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) iliyoandikwa wati 1000 ukaichomeka kwenye lile tundu la sigara pale kwenye dashibodi basi unachemsha maji au unapiga pasi safarini bila shida. Jamani, hapana. Ile 1000 ni uwezo wa inveta yenyewe, sio wa tundu.

Cheki kifuniko cha boksi la fyuzi, mara nyingi fyuzi ya hilo tundu ni amp 10 hadi 20. Chukua amp 15 zidisha kwa volti 12, unapata wati 180, na inveta nayo inakula kidogo njiani. Hiyo inatosha laptop, simu, taa. Sasa jagi la umeme la wati 1500 linataka zaidi ya amp 125, na ule waya wa nyuma ya dashibodi ni mwembamba hata kwa macho unaona.

Kinachoniuma ni fundi anayekwambia fyuzi ikikatika weka ya 30. Fyuzi ipo kulinda waya! Ukizidisha amp mara mbili joto kwenye waya linapanda mara nne, kwa hiyo fyuzi inabaki nzima halafu waya ndo unayeyuka huko ndani ambako huoni.

Kama unataka mzigo mkubwa, inveta ifungwe moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya nene na fupi, fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri, injini iwe inawaka, ila nje kwenye hewa, sio ndani ya gereji iliyofungwa, moshi ule unaua.