Kabla filamu yako haijafika kwenye skrini ya tamasha

Mdogo wangu mmoja wa mtaa wa Katuba aliniletea filamu yake siku tano kabla ya tarehe ya mwisho ya tamasha. Kazi safi. Kwenye kompyuta yake ya montaji ulimwona mama yake akisonga bukari kwa mwanga wa mshumaa, mpaka jasho la kwenye paji la uso. Tukaiweka kwenye projekta, tukazima taa. Kikabaki kimshumaa, na mkono ukizungusha mwiko gizani.

Hapa Lubumbashi kazi yangu ndiyo hii, kuziandaa filamu kwa ajili ya sinema, na kosa hilo la kuamini kioo cha kompyuta ndilo ninalokutana nalo zaidi. Mwangaza wa skrini ya sinema hupimwa kwa niti (kipimo cha mwangaza) 48 tu; kioo cha kompyuta huwaka mara kadhaa zaidi ya hapo, kwa hiyo vivuli vinaonekana vina uhai ambao ukumbini havina. Mimi rangi nazirekebisha usiku, kioo nimekififisha, na sigusi kitu mpaka macho yazoee giza. Uso wa yule mama tuliupandisha kidogo. Mshumaa hatukuugusa, maana ndio uliobeba ukweli wa nyumba ile.

Sauti nayo inaumiza. Ukipeleka stereo, maneno yanatoka spika ya kushoto na ya kulia, na ile ya katikati, nyuma ya skrini, inakaa kimya. Aliyeketi pembeni atamsikia mama wa katikati ya picha akisemea ubavuni mwake! Hata kama huwezi kuchanganya sauti ya 5.1 kamili, ile ya spika za pande zote, mazungumzo yapeleke katikati.

Faili lenyewe la kuonyeshea sinema, linaloitwa DCP, unaweza kulitengeneza bure kwa programu ya DCP-o-matic. Ila uliza mapema kuhusu fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Wengi wetu tunapiga 25 kwa sekunde, na mashine zote za sinema zinaijua 24. Ukiipunguza kasi kutoka 25 hadi 24, filamu ya dakika 80 inakuwa 83 na sekunde 20, na sauti za watu zinashuka kidogo, zisikilize upya.

Tenga nafasi pia: dakika 90 kwa megabiti 100 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 68. Nakili kwenye diski mbili, na umeme ukikatika katikati ya kunakili, futa uanze upya. Faili lenye kasoro seva ya sinema italikataa, na wewe utakuwa mbali.