Shirika la Hisani na Benki ya Maendeleo Wakiungana: Mambo Ambayo Vikundi vya Vijana Lamu Vinapaswa Kujua

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu siku hizi yanafanana. Kijana amesikia kwamba shirika la hisani limeungana na benki ya maendeleo kusaidia vikundi vya vijana. Mtu amepita mtaani na daftari, amekusanya nakala za vitambulisho, namba za simu na shilingi mia kadhaa "za fomu". Baada ya hapo simu yake haishikwi. Kijana anakuja kutuuliza pesa za benki zimekwama wapi, na sisi tukitafuta jina lake hatulioni popote, kwa kuwa hakuwahi kuomba mahali panapotambulika.

Hakuna ada ya fomu. Shirika la hisani halitozi, benki haitozi, wala idara yetu haitozi. Malipo ya serikali yanayomhusu mwombaji ni yale ya kusajili kikundi, nayo hulipwa kupitia eCitizen, paybili 222222, na risiti hutoka hapo hapo. Anayekwambia utume pesa kwa namba yake ya simu anakuibia, hata awe jamaa yako, hata awe amevaa shati lenye nembo ya shirika. Na nakala ya kitambulisho si karatasi ya kugawa barazani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayechukua taarifa zako akueleze anazitaka kwa kazi gani. Muulize. Akishindwa kujibu, rudisha kitambulisho mfukoni.

Sasa ushirikiano wenyewe. Benki ya maendeleo haiwekewi akiba na wananchi. Benki ya Dunia, au Benki ya Maendeleo ya Afrika yenye makao makuu Abidjan, haina dirisha Langoni wala Mokowe, na hakuna kijana atakayeingia humo akatoka na mkopo wake. Wenye hisa ni serikali. Sehemu kubwa ya pesa zake hukopeshwa nchi kwa mkataba unaopitia Hazina ya Taifa, na sehemu nyingine hutolewa kama ruzuku. Hapa kwetu mfano ulio karibu ni mradi wa uvuvi unaojulikana kama KEMFSED, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 100 mwaka 2020 kwa ajili ya kaunti za pwani, Lamu ikiwemo. Wengi wanaujua kwa jina. Ni wachache wanaojua kuwa deni la namna hiyo hulipwa na nchi nzima, pamoja na yule ambaye hakupata hata neli ya maji.

Benki kama hiyo ina mtaji na ina kanuni, lakini haina mtu wa kwenda Kizingitini kutazama kama jokofu la samaki linafanya kazi. Shirika la hisani linaye. Lina maafisa wanaojua maji yanajaa lini na ni mzee gani wa kubishiwa hodi kwanza, ila halina mtaji wa kujenga ghala la barafu. Ndiyo maana wanaungana. Benki huleta fedha na masharti, shirika huleta watu wake na mara nyingi mchango wake pia. Kuanzia siku mkataba unapotiwa sahihi, fedha zote za mradi huo huenda kwa masharti yaliyoandikwa, na hapo ndipo dhana ya kwamba "hii ni sadaka, mbona mnatuhoji" inapotuchosha. Si sadaka ya mkononi. Hata pesa za shirika lenyewe zina mipaka. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Qurani, na shirika linalopokea zaka halina ruhusa ya kuichukua kununulia viti vya ukumbi. Kila fungu huwekwa katika akaunti yake. Afisa akikwambia pesa za fungu fulani haziwezi kuhamishwa, hakunyimi kwa roho mbaya.

Swali la riba huulizwa kila baraza, na ni swali la haki. Ruzuku haina riba kwa sababu hairudishwi. Mkopo wa mzunguko, yaani ule ambao vijana wa kwanza wakirejesha ndipo wa pili wakopeshwe, unategemea ulivyoandikwa. Upo wa kurejesha kile kile ulichopewa. Upo wa mtindo wa murabaha, ambapo mkopeshaji ananunua injini kisha anakuuzia kwa bei mliyokubaliana wazi tangu mwanzo. Na upo wa riba ya kawaida. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, umpelekee na sheikh unayemwamini ausome. Wapo pia wanaosambaza habari kwamba Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ile ya Jeddah, inakuja kugawa pesa misikitini. Benki hiyo ni ya nchi wanachama. Somalia, Uganda na Komoro ni wanachama. Kenya si mwanachama. Ina programu za elimu kwa jamii za Waislamu walio katika nchi zisizo wanachama, lakini hizo huombwa kwa utaratibu wake, na hazitolewi kwa orodha iliyoandikwa baada ya swala ya Ijumaa.

Jambo ninalotaka vijana walishike kuliko yote ni kalenda ya marejesho. Mikataba mingi huandikwa na watu wanaohesabu mwezi kwa mwezi: umepewa Januari, unaanza kulipa Machi, kiasi kile kile kila mwezi mpaka uishe. Kwa mwenye duka hilo linawezekana. Kwa mvuvi wa Faza au Kiunga ni kujitia kitanzi. Wakati wa upepo wa kaskazi bahari hufunguka, kamba na samaki wa nje ya miamba hupatikana, na pesa huingia. Kusi likishaanza kuvuma, kuanzia Aprili na kukaza Juni hadi Agosti, chombo kidogo hakitoki nje. Mtu anabaki kuvua mikondoni, anapata cha nyumbani na kidogo cha kuuza. Kijana aliyekubali kulipa sawasawa Julai kama Januari ataanguka, na akianguka kikundi kizima huandikwa kuwa hakilipi. Nimeona vikundi vya watu waaminifu vikichafuka jina kwa sababu hiyo tu.

Dawa yake ipo, nayo hutafutwa kabla ya sahihi. Ombeni marejesho makubwa katika miezi ya kaskazi, na madogo, au kusubiriwa kabisa, katika miezi ya kusi. Andikeni ombi hilo ndani ya mpango wa biashara, mkiambatanisha kumbukumbu za mauzo za mwaka mzima za BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ili aliyeko Nairobi au Abidjan aone kwa macho namna mapato yanavyopanda na kushuka. Benki za maendeleo hukubali hoja iliyo na takwimu. Hazikubali malalamiko ya Agosti juu ya mkataba mliotia sahihi Januari. Wanaofanya kazi za utalii, manahodha wa Shela na mafundi wa samani, nao wana msimu wao. Hesabu ni ile ile.

Nirudi kwenye karatasi, maana huko ndiko maombi mengi yanakofia. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinatakiwa kuwa na wanachama wasiopungua kumi. Kinatakiwa kuwa na katiba, kumbukumbu za mkutano ulioamua kusajili zikiwa na sahihi, na orodha ya wanachama pamoja na viongozi. Cheti hudumu miaka miwili, kisha huhuishwa. Narudia: miaka miwili. Cheti cha zamani kilichotundikwa ukutani kwenye fremu hakisaidii kitu, na afisa wa shirika hawezi "kukisaidia kipite" hata akitaka, kwa sababu mkaguzi wa benki atakitazama baada yake.

Kikundi cha vijana ni cha vijana. Katiba ya Kenya, kifungu cha 260, inamtaja kijana kuwa ni aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Mzee wa heshima anaweza kuwa mshauri, lakini hawezi kuwa mwenyekiti, mtia sahihi wa benki na mwenye shamba la mradi kwa pamoja, kisha kikundi kikaitwa cha vijana. Tunajua mara nyingi ni nia njema, mzee ndiye mwenye uzoefu. Hata hivyo ombi litarudishwa.

Ardhi nayo. Kama mradi ni jengo, maneno ya "mzee fulani ametupa kiwanja" hayatoshi, na barua ya mzee fulani peke yake haitoshi pia. Panatakiwa hati, au mkataba wa kukodi uliotiwa sahihi na mwenye hati. Ikiwa ni ardhi ya jamii, panatakiwa uamuzi uliofuata Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, ruhusa ya wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa hutangulia jiwe la kwanza. Ukibomoa ukuta kwanza ukaomba ruhusa baadaye, mradi husimama na fedha hurudi.

Fedha zenyewe hutoka kwa awamu. Awamu ya kwanza ikitumika, kikundi huandika matumizi yake na kuambatanisha stakabadhi. Zikikaguliwa ndipo ya pili hutoka. Vijana husema, sawa, lakini aliyetuuzia boriti Matondoni hana kitabu cha risiti. Hilo linajulikana. Andaeni hati ya malipo: tarehe, kitu kilichonunuliwa, bei, jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake na sahihi yake, pamoja na sahihi za viongozi wawili. Lipeni kwa simu kutoka akaunti ya kikundi, si kutoka simu ya mweka hazina, ili ujumbe wa malipo uwe ushahidi wa pili. Mkataba hutaja kiwango ambacho ukikivuka hati hiyo haikubaliki tena na mnatakiwa kukusanya bei za wauzaji kadhaa. Kitafuteni kiwango hicho siku ya kwanza.

Kuhusu adhabu, nazitaja ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Kujipatia pesa kwa udanganyifu, kama yule wa daftari, ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka mitatu. Sheria ya Rushwa ya 2016 humshika anayepokea na anayetoa vile vile: kifungo kisichozidi miaka kumi, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. "Chai" ya kumsukuma afisa asogeze faili lako iko humo ndani. Upande wa benki kuna adhabu nyingine isiyojulikana sana. Mwaka 2010 benki tano kubwa za maendeleo, zikiwemo Benki ya Dunia na ile ya Afrika, zilitia sahihi makubaliano kwamba atakayefungiwa na moja kwa ulaghai au rushwa, kwa muda unaozidi mwaka, anaweza kufungiwa na zote. Mzabuni au shirika lililoghushi risiti hapa linaweza kupoteza kazi katika nchi ambazo halijazifikia.

Mwenye malalamiko aanze kwa ofisi ya mradi, kwa maandishi, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kila mradi wa namna hii huwa na njia ya malalamiko, dai uonyeshwe. Aliyeibiwa na matapeli aende kituo cha polisi na ujumbe wa malipo ulioko kwenye simu; tafadhali usiufute kwa hasira. Na pale ambapo mradi wa Benki ya Dunia wenyewe unadhuru jamii, watu wawili au zaidi walioathirika wanaweza kupeleka shauri kwa Jopo la Ukaguzi lililoundwa 1993, baada ya kwanza kuueleza uongozi wa Benki. Kwa miradi ya benki nyingine utaratibu ni tofauti, na hatuwezi kuusemea hapa.

Idara haiwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba kikundi chake kitachaguliwa. Tunachoweza ni kukagua katiba, kumbukumbu na cheti chenu kabla hamjaomba, bila malipo, siku yoyote ya kazi. Njooni viongozi watatu, na kitabu cha kumbukumbu chenyewe, si picha yake kwenye simu.