Majamvi yakishakunjwa: tunayomwambia mfiwa na ukweli wake

Kwa kuzika, Tanga hatujambo. Mtu akifariki usiku pale Ngamiani, asubuhi turubai limeshafungwa barabarani, masufuria yameletwa, na vijana wako makaburini na majembe. Shida iko kwenye maneno tunayompa mfiwa, na kwenye wiki zinazofuata wageni wakishaondoka.

"Ile dawa ndiyo iliyommaliza."
Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowatafuna watu kimyakimya. Mgonjwa wa saratani anayeuguzwa nyumbani huenda akapewa morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, na anayempimia kila baada ya saa nne ni mkewe au bintiye. Lazima iwepo dozi moja ya mwisho. Mgonjwa akikata roho saa moja baadaye, aliyeshika kikombe hubaki na swali asilothubutu kumuuliza mtu.

Ukweli ni kwamba morfini ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, ikapandishwa taratibu kufuata maumivu, haimharakishi mtu kufa. Kilichomuua ni ugonjwa. Ndivyo ilivyo pia kwa "tulimwacha afe na njaa". Mwili unaofika mwisho huacha wenyewe kutaka chakula, na uji wa kulazimisha unaweza kumpalia mtu asiyeweza tena kumeza. Familia inatakiwa kuelezwa haya mgonjwa angali hai. Kama haikuelezwa, bado nafasi ipo: morfini iliyobaki hurudishwa hospitali, na muuguzi anayepokea ile chupa anaweza kumkalisha aliyeileta wakaongea.

"Mtu akishakufa, hospitali haihusiki tena."
Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2002 kuhusu tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito), limeweka wazi kwamba familia husaidiwa wakati wa ugonjwa na wakati wa msiba wao pia. Kwa hiyo muuguzi wa hospisi, huduma inayotoa tiba hiyo, akipita nyumbani baada ya mazishi, hajapotea njia. Yuko kazini.

"Jikaze, kulia ni kukufuru."
Mtume Muhammad (s.a.w.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipofariki, na Injili inasema Yesu alilia Lazaro alipokufa. Kinachokatazwa katika Uislamu ni kujipiga na kuchana nguo. Wanaume wetu ndio wanaoumia zaidi na hili "jikaze". Wanapewa kazi ya kusimamia mazishi, kisha hakuna anayewauliza wameamkaje.

"Mwambie mtoto baba amesafiri."
Mtoto wa miaka sita anaijua safari: basi linakwenda Dar, basi linarudi. Atasubiri. Siku akiusikia ukweli kwa wenzake shuleni, atakuwa amefiwa na baba na amedanganywa na mama. "Amelala" nayo si nafuu, kwani wapo wanaoanza kuogopa kitanda. Mwambie amekufa, hapumui, haumwi tena, hatarudi. Walio chini ya miaka mitano hivi huona kifo kama kitu cha kurudi nyuma, ndiyo maana watauliza lilelile kesho na keshokutwa; jibu liwe lilelile. Na mwambie, hata kama hajauliza, kwamba si kosa lake. Wengi hudhani utundu wao ndio uliosababisha.

"Huzuni ina hatua tano."
Hizo alizieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa karibu kufa. Hazikuwa ratiba ya mfiwa. Mtu anaweza kucheka asubuhi na kulia jioni, na wala hajaruka hatua yoyote.

"Arobaini imepita, msiba umekwisha."
Orodha ya kimataifa ya magonjwa, inayotumika tangu 2022, haihesabu huzuni kuwa ugonjwa kabla ya miezi 6, na hata hapo inataka ilinganishwe na mila na dini ya mfiwa. Anayelia siku ya hamsini ni mzima kabisa.

Tena siku hizo za mbele ndizo ngumu. Kizuka, yaani mjane, yuko ndani na eda yake ya miezi minne na siku kumi, kila mtu anajua alipo, lakini mlango haugongwi. Umeme umekatika, cheti cha kifo hakijafuatwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, mirathi haijafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Anayempitia Jumanne alasiri na samaki wake wawili, akamtaja marehemu kwa jina bila kuogopa kutonesha kidonda, amefanya kuliko rambirambi nyingi za siku ya kwanza.

Wafiwa wengi huvuka kwa watu wa namna hiyo, bila mtaalamu. Lakini miezi ikipita na mtu bado hawezi kupika, kwenda kazini wala kulea, aonwe na mtaalamu. Na akisema anataka kumfuata marehemu, msimwache peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dua isomwe, ila gari lisisubiri.