Kimbunga hakitaki joto peke yake

Dhana: Penye bahari yenye joto zaidi ndipo penye vimbunga vingi zaidi.

Hii imeenea kuliko zote, na nusu yake ni kweli. Kimbunga hupata nguvu zake kutoka maji ya moto: bahari inatakiwa ifikie nyuzijoto 26.5 hivi za Selsiasi, tena si juu juu tu bali hadi kina cha mita 50 au zaidi, kwa sababu kimbunga chenyewe huvuruga bahari na kupandisha maji ya baridi ya chini.

Lakini kama joto lingetosha, ikweta ndiyo ingeongoza kwa vimbunga. Kumbe ukanda wa nyuzi 5 kaskazini na kusini mwake karibu hauna hata kimoja. Kinachokosekana ni mzunguko. Dunia inapojizungusha hupindisha njia ya upepo, kulia katika nusu ya kaskazini na kushoto katika nusu ya kusini, hivyo upepo unaokimbilia eneo la mgandamizo mdogo wa hewa huishia kulizunguka. Kwenye ikweta yenyewe nguvu hiyo ni sifuri. Hewa hujaza pengo, mvua hunyesha, mambo yakaishia hapo. Na hakuna kimbunga kilichorekodiwa kikivuka ikweta.

Dhana: Basi jirani na ikweta ni salama kabisa.

Mwishoni mwa Desemba 2001, kimbunga Vamei kilizaliwa nyuzi 1.5 tu kaskazini mwa ikweta, kikatua Johor, Malaysia, karibu na Singapore. Upepo mkali wa kaskazini-mashariki ulibanwa katika Bahari ya China Kusini, ukakutana na mzunguko wa hewa uliokuwa karibu na kisiwa cha Borneo. Mzunguko ambao dunia isingeweza kuutoa pale ulikwishapatikana kwa njia nyingine. Ni nadra sana, ila nadra si sawa na haiwezekani.

Dhana: Atlantiki ya Kusini haina vimbunga kwa kuwa ni baridi.

Kwa pwani ya Peru, upande wa Pasifiki, maelezo hayo yanafaa: mkondo wa Humboldt huleta maji ya baridi mwaka mzima. Atlantiki ya Kusini ni habari nyingine, maana upande wa Brazil maji hupata joto la kutosha. Tatizo ni upepo. Ule wa juu angani huwa na kasi au mwelekeo tofauti mno na ule wa chini, kwa hiyo wingu la dhoruba hukatwa kabla halijasimama wima. Mwezi Machi 2004 tofauti hiyo ilipungua kwa siku kadhaa, na kimbunga kikapiga jimbo la Santa Catarina, Brazil. Kiliitwa Catarina kwa sababu ya jimbo hilo.

Dhana: Nchi isiyo na bahari haina cha kuhofia.

Kimbunga kikitua hukosa maji ya moto na upepo wake hulegea, lakini unyevu kiliobeba hausahau kunyesha. Freddy kilizaliwa karibu na Australia mwezi Februari 2023, kikavuka Bahari ya Hindi yote na kupiga Madagaska, kisha Msumbiji mara mbili. Waliouawa wengi zaidi walikuwa Malawi, ambako mvua iliporomosha milima juu ya makazi ya watu mjini Blantyre na vitongoji vyake.