Asilimia 51 haimpi mtu ufunguo wa pochi yako

Dhana: Mwenye zaidi ya nusu ya nguvu za uchimbaji, yaani za kompyuta zinazoshindana kuongeza miamala kwenye daftari la Bitcoin, anaweza kuchota bitcoin za kila mtu.

Hawezi. Sarafu haitoki kwenye pochi bila saini ya ufunguo wa siri wa mwenyewe, na bloku (fungu la miamala) yenye saini bandia hukataliwa na kila nodi (kompyuta ya mtandao) inayokagua, hata ingechimbwa kwa mitambo yote duniani. Anachopata mhalifu ni mamlaka juu ya mpangilio: kuzuia miamala ya wengine isiingie, na kufuta ya kwake iliyokwisha kuingia.

Hilo la pili ndilo linalouma. Anaweka sarafu kwenye soko la kubadilishia, anasubiri soko liridhike, kisha anazibadili na kutoa fedha nyingine. Muda wote huo anachimba pembeni, kimyakimya, mnyororo wa pili wa bloku ambamo sarafu zilezile zimetumwa kwenye pochi yake nyingine. Mnyororo huo ukiupita ule wa hadharani kwa jumla ya kazi iliyofanywa, anauachia. Nodi zinaufuata, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyosema, na malipo yaliyokwenda kwa soko yanayeyuka. Ethereum Classic, sarafu nyingine ya kidijitali, ilipigwa hivyo Januari 2019, ikapigwa tena Agosti 2020. Mitandao midogo ndiyo inayowindwa, maana nguvu za kuizidi zinaweza kukodishwa kwa saa.

Dhana: Uthibitisho ukifika sita, muamala haurudi nyuma.

Uthibitisho mmoja ni bloku moja: ile yenye muamala, kisha kila inayoongezwa juu yake. Sita ni mazoea tu. Bloku ya Bitcoin hutoka kila dakika 10 kwa wastani, kwa hiyo sita ni kama saa moja. Kwa hesabu za Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin, za mwaka 2008, mshambuliaji mwenye asilimia 10 ya nguvu anabaki na nafasi ya asilimia 0.02 hivi baada ya bloku sita. Akiwa na asilimia 30, unahitaji bloku 24 ili nafasi yake ishuke chini ya asilimia 0.1. Akipita nusu, hakuna idadi itakayokuokoa. Anayeuza gari na anayeuza soda wasisubiri sawa.

Dhana: Nodi aminifu zikizidi za waongo, inatosha.

Katika mitandao ya kupiga kura, ambako nodi huamua kwa kura badala ya kuchimba, na ujumbe unaweza kuchelewa bila kujulikana hadi lini, wingi mdogo hautoshi: kuvumilia mwongo mmoja kunahitaji nodi nne, wawili saba, watatu kumi.

Chukua nodi nne. Huwezi kusubiri kura zote nne, kwani mwongo anaweza kunyamaza makusudi na kazi ikakwama. Unaamua kwa kura tatu. Makundi yoyote mawili ya watatu kati ya wanne yanachangia angalau wawili, na mmoja wao ni mwaminifu asiyepiga kura mbili zinazopingana. Kwa hiyo maamuzi mawili tofauti hayapiti. Sasa punguza ziwe tatu, uamue kwa kura mbili: makundi mawili yanaweza kuchangia nodi moja tu, na ikiwa ndiyo ya mwongo, huku atasema "lipa", kule "usilipe", na pande zote mbili zitaamini zimekubaliana.

Hesabu hizi ni za nodi zinazojulikana. Mtandao ukiwa wazi kwa yeyote, mtu mmoja hufungua nodi elfu bila gharama ya maana, ndiyo sababu Bitcoin haihesabu nodi bali hupima kazi ya uchimbaji, na Ethereum, tangu Septemba 2022, hupima dhamana, yaani sarafu ambazo mshiriki ameziweka rehani.

Dhana: Nodi zote zikikubali, basi ni sahihi.

Tarehe 15 Agosti 2010, bloku namba 74638 ya Bitcoin iliunda sarafu zaidi ya bilioni 184, wakati ukomo ni milioni 21. Programu ilikuwa haikagui jumla inapofurika, yaani inapozidi namba kubwa inayoweza kuhifadhi, kwa hiyo nodi ziliipokea bila kinyongo. Toleo lililorekebishwa lilitoka saa chache baadaye, wachimbaji wakahamia huko, na mnyororo usio na bloku hiyo ukaja kuupita ule mbovu.